Majani Kwenye Motokaa

Isaka aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa papo hapo. Motokaa ilikuwa imesimama kwenye kona ya tatu ya mpando wa kwenda Newala tangu saa tano, na sasa saa saba ilikuwa imekwisha pita, lakini tumbo lake bado lilikuwa na moto. Alishika mpini wa kuwashia uliochomoza mbele, akausukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha kwa uzito wa mwili wake wote. Haukusogea hata unywele.

"Imekufa," alisema Bwana Holtz nyuma yake. "Sema tu. Imekufa?"

"Bado sijui, Bwana."

"Wewe fundi au si fundi?"

"Ni fundi, Bwana. Ndiyo maana sitaki kusema kabla sijajua."

Ombasha Hamidu, askari aliyeazimwa kutoka bomani ili amsindikize Bwana, alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani. Alicheka kwa pua. "Fundi wa majembe," alisema. "Mwangalie sana, Bwana, asije akaitia mpini wa mti."

Isaka alijipangusa jasho kwa mkono wa shati, na kwa jicho la pembeni akatazama ng'ambo ya njia. Chini ya kijiti ambacho kivuli chake kisingemtosha hata mbuzi mmoja, waliketi wanawake wanne. Watatu walikuwa wameambiwa wasiinuke. Wa nne, mkubwa wao kwa umri, alikuwa amefungwa kamba ya katani mikononi.

Aliposhuka kutoka kijijini dakika chache kabla, akimfuata Ombasha, Isaka alimtambua mara moja. Alikuwa Mwanaheri, ambaye msimu uliopita alimletea jembe lililovunjika shingo, akalipa kwa kikapu cha mihogo. Isaka hakujua ayaweke wapi macho yake. Mwishowe alifanya alilofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Sophia," mama yule alimjibu, kana kwamba wamekutana gulioni. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Haya. Katazame hilo chuma lao."

Mambo yalivyotokea, Ombasha alikuwa amekwisha mweleza njiani. Bwana Holtz, mwenye shamba la pamba upande wa Lindi, alikuwa amejiapiza kwamba motokaa ya kwanza kupanda kutoka Masasi hadi Newala itakuwa yake. Aliondoka Masasi alfajiri. Kwenye kona ya tatu ya mpando alikutana na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka chemchemi za bondeni, mitungi kichwani. Juu ya uwanda wa Wamakonde ardhi ni nzuri, mihogo inakubali, lakini maji hakuna. Atakaye kunywa hushuka alfajiri na kupanda tena na jua kichwani. Na kila mwanamke anayepanda na maji huvunja kitawi cha majani mabichi na kukilaza juu ya mtungi, ili maji yatulie, yasimwagike kwa mtikisiko wa hatua. Msichana hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kupika.

Bwana alitaka maji ya motokaa. Ombasha aliamuru. Mwanaheri ndiye aliyekuwa mbele, naye, Ombasha akimpigia kelele za haraka, haraka, aliinamisha mtungi kwenye mdomo wa lile sanduku la maji la mbele, wanaloliita rejeta, kabla hajatoa majani. Maji yaliingia na majani yake. Mtungi wa pili ukafuata, na wa tatu. Motokaa ilikwenda hatua thelathini, ikaguna, ikatetemeka, ikanyamaza.

Bwana alipofungua kifuniko, mvuke ulipanda hadi kofiani mwake, na katikati ya mvuke akaona majani yakichemka.

Bwana Holtz alikuwa askari katika vita vilivyopiganwa miaka saba iliyopita. Aliona watu wakija mbele ya bunduki na vibuyu vya maji shingoni, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Hakusahau. Alifunika kifuniko polepole na kusema neno moja tu: "Dawa."

Kisha akatoa hukumu yake, nayo ilikuwa fupi. Fundi atafutwe. Kama ni majani yaliyoiua motokaa, mama huyu atakwenda Lindi kwa mnyororo kesho asubuhi, na wenzake watachapwa hapa hapa barabarani. Kama si majani, fundi amwonyeshe ni nini. "Kwa macho," alisema. "Sitaki maneno. Maneno yenu nayajua."

Isaka alichuchumaa mbele ya motokaa. Hakuwahi kuigusa motokaa maishani mwake. Alikuwa mhunzi wa majembe na mashoka, na kabla ya hapo, kwa miaka miwili, alikuwa mtu wa kusafisha birika la mashine ya mvuke iliyochambua pamba huko Lindi. Alikuwa akiingia ndani ya birika lile kwa tumbo, na taa, na patasi, kukwangua magadi yaliyoganda. Huko ndani, gizani, alijifunza jambo moja: mashine haina kinyongo na mtu. Ikisimama, kuna kitu kimeisimamisha, na kitu hicho kina mahali pake.

Lakini mashine ya mvuke haikuwahi kufunga mtu kamba.

"Bwana," alisema, "naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kabla ya kuonana na akina mama hawa, motokaa ilikuwaje?"

"Nzuri. Ilikuwa nzuri."

"Basi kwa nini Bwana alitaka maji?"

Bwana Holtz alikuwa anawasha kiko chake. Alivunja njiti mbili kabla ya tatu kushika, na hapo ndipo Isaka alipoona jambo ambalo hakulitarajia: mtu huyu mwenye shingo nyekundu na buti zilizofika magotini alikuwa na hofu. Si hasira tu. Hofu. Isaka angependa zaidi iwe hasira, maana hasira huchoka.

"Mpando unakunywa maji," Bwana alijibu. "Kila motokaa inakunywa maji mpandoni."

"Ilikuwa inachemka kabla?"

Bwana alivuta kiko. "Kidogo. Kona ya kwanza."

"Ahsante, Bwana." Mgonjwa alikuwa mgonjwa kabla hajafikiwa na huo mtungi. Isaka alilielewa hilo, na Mwanaheri angelielewa, na hata Sophia wake wa miaka mitatu angelielewa. Lakini Bwana alisema kwa macho.

Alifungua sanduku la vyombo, akachagua spana. Ilimchukua muda kujua ipi ni ya nati ipi. Alitega debe chini ya mpira wa kupitishia maji wa chini ya rejeta, akaulegeza, na maji yakatoka, mekundu kama chai ya kutu, yangali vuguvugu. Hayakuwa mengi. Mengine yalikuwa yamekwisha ondoka na mvuke. Aliyachuja kwa kitambaa: yalibaki majani matano, makubwa, yaliyolegea kwa kupikwa. Aliyapanga juu ya jiwe ili Bwana ayaone.

"Hayo," alisema Bwana. "Hayo hapo."

"Haya yalikuwa juu, Bwana, mdomoni. Hayakupita."

"Unajuaje?"

"Ni mapana. Njia za ndani ni nyembamba."

"Mengine madogo yamepita."

Isaka alilala chali chini ya motokaa, mawe yakimchoma mgongoni, akautoa mpira wa chini, akaingiza kidole. Ndani kulikuwa na ukuta laini wa mpira. Akasukuma zaidi. Ncha ya kidole ikagusa kitu chororo.

Alikivuta. Kilikuwa kipande cha jani, ukubwa wa ukucha.

Hakuna aliyekuwa anamwona. Alikuwa chini ya chuma, uso wake kizani, na jani lile lilikuwa dogo kiasi kwamba angeweza kulitia mdomoni akalimeza. Alijua halikuziba kitu. Mpira ule ulikuwa mpana kama mkono wa mtoto. Lakini alijua pia kwamba Bwana akiliona hataangalia kitu kingine tena. Atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Alilala pale, jani kwenye ncha ya kidole, akamwona kaka yake Nikolao.

Mwaka wa vita, walimkamata Nikolao njiani akiwa na chupa. Ndani ya chupa kulikuwa na mafuta ya nyonyo, ya kumpaka mama yao aliyeungua mguu. Askari waliitikisa chupa, wakasema ni dawa. Hakuna aliyeinusa. Isaka alikuwa na miaka kumi na minane, alikuwa amesimama miongoni mwa watu waliokusanywa Masasi kutazama, na alijua kilichomo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyakamua yale mafuta. Alikuwa na la kusema. Mdomo ulimkauka, na alipopata mate, kamba ilikuwa imekwisha vutwa.

Alitoka chini ya motokaa.

"Bwana, nimekuta jani moja ndani ya mpira."

Hata yeye mwenyewe aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. Bwana Holtz alisogea haraka. Ombasha aliinuka kwenye jiwe. Na ng'ambo ya njia Mwanaheri aliinua uso.

"Baba Sophia," aliita. Sauti yake haikuwa na ukali, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. "Nimekukosea nini?"

"Ngoja, mama."

"Nangoja. Nimefungwa, nitakwenda wapi?"

Isaka aliushika mpira, akaziba mdomo wa chini kwa kiganja, akalirudisha jani ndani mbele ya macho ya Bwana. Alichota maji ya debe kwa kata, akayamimina juu, kisha akaondoa kiganja. Maji yakaporomoka kwa mkupuo, na jani pamoja nayo, likaanguka debeni. Alirudia. Alirudia mara ya tatu, na mara hii akamwomba Bwana azibe yeye mwenyewe kwa kiganja chake. Bwana alisita, kisha akavua glavu. Maji yakapita kati ya vidole vyake.

"Jani limo," alisema Isaka. "Singelificha. Lakini halijazuia kitu. Bwana ameyaona maji kwa mkono wake."

Bwana aliutazama mkono uliolowa. "Basi ni nini?"

Na Isaka hakujua.

Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote. Alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya mama wa watu, na mkononi hakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Alichungulia mafuta ya injini: meusi, lakini yapo. Alivuta ukanda wa ngozi unaozungusha feni: umekaza vizuri. Aligonga hapa, akasikiliza pale. Jua lilikuwa linashuka kuelekea milima ya mawe ya Masasi, ambayo kutoka mpandoni ilionekana midogo, kama majiko yaliyoachwa uwanjani. Nyuma yake alisikia Pili, yule mwanamke kijana kuliko wote, akinong'ona kwa Kimakonde, na mwenzake akimwambia anyamaze.

"Fundi wa majembe amekwama," alisema Ombasha, lakini safari hii hakucheka. Alikuwa anang'oa vitu fulani kutoka kwenye vitambaa alivyojiviringishia miguuni, kimoja kimoja, na kuvitupa.

"Nitaitoa rejeta yote," alisema Isaka, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu.

Nati nne. Ya tatu ilimchubua kidole. Aliinua rejeta kutoka mahali pake, nzito kama mtoto aliyelala, akaisimamisha juu ya jiwe ili aitazame ndani kwa mwanga. Upande wa mbele ulikuwa umetengenezwa kwa vitundu vingi vidogo, kama sega la nyuki. Jua lilikuwa nyuma ya rejeta. Akarudi hatua moja kupumua, akainamisha kichwa kwa uchovu, na macho yake yakaangukia chini, kwenye udongo mwekundu.

Kivuli cha rejeta kilikuwa kimelala hapo. Kilikuwa cheusi chote, kizima, kama kivuli cha jiwe.

Isaka alikitazama kwa muda mrefu. Kivuli cha chekeche huwa na nuru ndani yake. Kivuli cha mkeka huwa na nuru. Kitu chenye vitundu elfu moja hakiwezi kuwa na kivuli cha jiwe.

Alipiga magoti, akatia jicho kwenye kitundu kimoja. Giza. Kingine. Giza. Akaangalia chini akatafuta mwiba, akauingiza, akauzungusha kama mtu anayetoa funza mguuni, na kwenye ncha ya mwiba kikatoka kitu cha rangi ya majani makavu, chenye kijimkia na nywele. Akakiweka kiganjani. Akainuka, akamwendea Ombasha, akainama miguuni pake na kung'oa kingine kutoka kwenye kile kitambaa alichojiviringishia.

"Wewe, unafanya nini?" Ombasha aliuliza.

Isaka aliviweka pamoja. Vilifanana kama mapacha.

"Mbegu za nyasi, Bwana," alisema. "Sanduku hili hupozwa na upepo unaopita kwenye vitundu hivi. Vitundu vimejaa mbegu. Upepo haukupata mlango, kwa hiyo maji yakachemka. Yalipochemka yakapungua. Ndiyo maana Bwana alitaka maji kabla ya kuonana na mama huyu. Kiangazi hiki nyasi zimekomaa, kila zikiguswa zinapukutika. Motokaa imepita wapi?"

"Barabarani," alisema Bwana Holtz.

Ombasha alikohoa. Alilitazama jiwe, akatazama bunduki yake, kisha akasema kama mtu anayezungumza na bunduki, "Pale bondeni, Bwana. Mbao za daraja hazikuwapo. Tulizungukia nyasini."

"Nusu saa tu."

"Saa nzima, Bwana," alisema Ombasha kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa nakimbia mbele. Nyasi zilinipita kichwa."

Bwana Holtz aliuchukua mwiba kutoka mkononi mwa Isaka. Aliuingiza mwenyewe kwenye kitundu, akatoa mbegu, akaitazama. Akaingiza kwenye kingine. Alifanya hivyo mara tano au sita, na uso wake ukawa wa mtu anayesoma barua asiyoitaka. Isaka alifikiri: sasa. Sasa atasema afunguliwe.

"Labda ni vyote viwili," alisema Bwana. "Mbegu na dawa."

"Bwana, maji yale uliyapitisha kwa mkono wako."

"Nimesema labda." Alitupa mwiba. "Isafishe. Iwashe. Nikifika bomani Newala, basi ni mbegu. Nisipofika, ni majani."

Isaka aliuokota ule mwiba. "Bwana, motokaa imeungua sana. Inaweza kusimama tena kwa sababu ya moto ule ule wa asubuhi. Haitakuwa kosa la mama."

"Basi uisafishe vizuri."

Mbegu zilikuwa mamia. Kwa mkono mmoja kazi ile ingefika usiku. Isaka aliomba wanawake waruhusiwe kuinuka wamsaidie, kwa kuwa kwa mwiba hakuna fundi anayemshinda mwanamke aliyelea watoto kwenye nchi ya funza. Bwana alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Ombasha akamfungua Mwanaheri kamba.

Wakakaa watano pamoja na Isaka kuizunguka rejeta, kila mmoja na mwiba wake. Pili akasema, "Jamani, dubwana hili lina funza kuliko mguu wa shemeji yangu," na mwenzake akaguna ili asicheke, na mwiba wa Mwanaheri haukusimama.

"Mama," Isaka alimwambia chini kwa chini, akiwa ameinama karibu naye, "lile jani. Bwana angelikuta baadaye angesema tumelificha."

Mwanaheri alitoa mbegu, akaipuliza kutoka kwenye ncha ya mwiba. "Najua. Nimeshaelewa." Akaingiza mwiba kwenye kitundu kingine. "Lakini wakati ule sikuelewa, Baba Sophia. Wakati ule nilikufa kidogo."

Isaka alitoa mbegu aliyokuwa anaihangaikia, na katika kitundu kile nukta ya nuru ikaanguka juu ya goti la yule mama.

Ilipofika saa kumi kivuli kilikuwa kimejaa nuru. Isaka alirudisha rejeta mahali pake, akakaza nati, akafunga mipira. Alishika mpini wa kuwashia na kuusukuma. Uligoma, kisha ukasogea kwa shida, chuma kikilalamika juu ya chuma, kisha ukazunguka. Lakini debe lilikuwa na maji ya robo tu, na chemchemi zilikuwa mwendo wa saa moja na nusu chini, achilia mbali kupanda.

Hapo Pili akakohoa.

"Wangu haukumwagwa," alisema, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Wako upi?" Ombasha aliuliza.

"Mtungi. Niliposikia hiyo ngurumo yenu nikauficha kichakani. Mama mkwe wangu hana simile na mtu anayerudi bila maji."

Ombasha alimkodolea macho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Bwana, hawa ndio watu uliosema wamepanga vita," alisema, akajifuta macho. Bwana Holtz hakucheka, lakini hakumkemea pia.

Mtungi ukaletwa. Mwanaheri aliyatoa majani, akakunja ncha ya kaniki yake juu ya mdomo wa rejeta iwe chujio, na Pili akamimina taratibu hadi tone la mwisho. Halafu Mwanaheri mwenyewe akamnyoshea Ombasha mikono, bila kuambiwa, kwa kuwa alimwona Bwana akiiangalia kamba.

"Mfunge huyu," alisema Bwana. "Wengine waende. Nikifika bomani nitapiga bunduki mara moja. Mkisikia, mwachieni. Jua likizama bila kusikia, mpeleke Lindi."

Isaka alizungusha mpini. Mara ya nne injini ikashika, ikatapika moshi wa buluu, ikanguruma. Wanawake walirudi nyuma. Isaka hakurudi. Aliinamisha sikio. Chini ya ngurumo, mbali, kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Chuma kilichoungua. Labda kingevumilia hadi Newala. Labda kisingevumilia kona mbili. Hakuna mwiba wa kutoa ugonjwa ule.

"Nini?" aliuliza Bwana, akiwa ameketi usukani.

"Imeumia ndani, Bwana. Inagonga. Nenda polepole sana. Ikianza kuchemka, simama upumzike."

Bwana alimtazama. Kwa mara ya kwanza alionekana kama anamtazama mtu. "Polepole," alirudia, kisha akaachia breki.

Motokaa ikapanda. Ilipita kona ya nne ikitetemeka, mgongo wake mweusi ukamezwa na vichaka, na baada ya hapo ikawa sauti tu. Isaka aliisikiliza kwa mwili mzima. Alijikuta anavuta pumzi pamoja nayo, anapanda nayo, anakaza meno kila ilipopunguza. Wale wanawake watatu walikuwa wameruhusiwa kwenda, lakini hakuna aliyekwenda. Waliketi pamoja na Mwanaheri, mitungi yao mitupu imelala kando.

Sauti ikafika ukingoni mwa uwanda. Ikawa kama nyuki. Ikawa kama kumbukumbu ya nyuki. Kisha haikuwapo, na hakuna aliyeweza kusema kama imekwenda mbali au imesimama.

"Imefika tambarare," alisema Pili.

Jua lilikuwa limekaa juu ya mlima mmoja wa Masasi, linatandaza rangi kwenye vumbi lililoachwa na magurudumu. Kwale mmoja aliita kwenye nyasi, akanyamaza. Isaka alihesabu moyoni mwendo wa kutoka ukingoni hadi bomani, akahesabu tena, akapata jibu tofauti.

Ombasha alikuwa ameketi karibu na Mwanaheri, ncha ya kamba mkononi. Alikuwa akitazama juu, upande wa Newala, kama wote. Bila kugeuza kichwa, vidole vyake vikaanza kutembea juu ya kamba, vikapanda hadi kwenye fundo, vikalihangaikia polepole, kama mtu anayejikuna bila kujua. Fundo likalegea. Likafunguka. Aliiacha kamba ilale juu ya mikono ya yule mama kama ilivyokuwa, ili atakayetazama kwa mbali aone imefungwa.

Mwanaheri aliitazama. Kisha akaweka kidole gumba juu yake, ili upepo usiiangushe, akainua uso kama wengine, akasikiliza.